Kilichoonekana na Kilichodhaniwa

Somo la vikundi vya nyumbani
Andiko: Matendo ya Mitume 21:27-40



Kabla ya kuendelea, someni andiko lote kwa sauti, kila mmoja katika lugha yake.

1. Habari iliyotaka kumwua Paulo

Angalieni vizuri mstari wa 29. Watu walimwona Paulo mjini pamoja na Trofimo wa Efeso. Hilo lilikuwa kweli. Kisha wakadhani kwamba amemwingiza hekaluni, na hilo hakuna aliyeliona. Lakini mji mzima ulikimbilia lile lililodhaniwa. Hata jemadari hakuweza kupata ukweli, kwa maana hawa walipiga kelele hivi na wale vile. Naye alikuwa na dhana yake: alifikiri Paulo ni yule Mmisri aliyeongoza wauaji 4,000. Lakini tofauti na umati, jemadari aliuliza. Paulo akapata nafasi ya kusema yeye ni nani: Myahudi wa Tarso.

2. Mambo haya tunayajua

Sisi tunaoishi Nakivale hatuhitaji kufundishwa kwamba neno linaua. Redio RTLM ilianza kutangaza Rwanda mwaka 1993. Iliwaita Watutsi mende, na mwaka 1994 ikataja hata watu wa kutafutwa na mahali walipojificha. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa redio hiyo na wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 iliondoa baadhi ya makosa, lakini bado walibaki na vifungo vya kati ya miaka 30 na 35. Agosti 1998 maneno ya chuki juu ya Watutsi yalisikika hewani Congo pia. Na kwa upande mwingine, wakimbizi Wahutu wengi waliitwa wauaji wote pamoja, hata mama na mtoto wa mgongoni.

Mnaona? Kila kabila limewahi kuwa yule Mmisri.

Hatusemi redio ni ya shetani. Mwaka huo huo wa 1994 BBC ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kilichosaidia watu waliopotezana kutafutana. Chombo ni kile kile. Tuangalie kinachobebwa ndani yake.

3. Kosa letu sisi wenyewe

Mwizi akikamatwa Mbarara na habari ikasema tu "mkimbizi ameiba", sisi wote tunaumia. Tunauliza: kwa nini hawakutaja jina lake? Ni swali zuri. Lakini je, sisi tunawatendea wengine hivyo?

Sisi tunaoandika somo hili tunakiri. Siku moja tulipokea sauti ya WhatsApp kutoka kwa ndugu aliyekuwa Mbarara. Ilisema watu wa kabila fulani wamepanga kushambulia wenzao hapa kambini. Aliyetuma hakumjua aliyesema. Sisi tuliitaja katika maombi ya Jumatano. Jumapili mama mmoja wa kabila hilo, ambaye kwa miaka mingi alifagia kanisa, hakuja. Tulipomtembelea alituuliza: "Mchungaji, ni mimi mliyeniombea nisiwaue?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba msamaha nyumbani kwake, kisha mbele ya kanisa, kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya kanisa. Shambulio halikutokea. Lakini ilipita miezi mingi kabla ya mama huyo kushika tena ufagio.

4. Tufanye nini?

a) Tuulize: nani amesema, na yeye mwenyewe aliona nini? Akijibu "watu wanasema", habari iishie hapo.

b) Tuangalie jina. Je, ametajwa mtu aliyetenda, au kabila zima? Wakiitwa wadudu, nyoka au ugonjwa, tuzime mara moja.

c) Tumsikilize anayesemwa. Mithali 18:17 inafundisha kwamba wa kwanza kusema huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje.

d) Ikiwa hatari inaonekana ya kweli, tuipeleke kwa mwenyekiti wa RWC au polisi. Tusiisambaze katika simu, wala tusiivishe nguo ya maombi kama tulivyofanya sisi.

Maswali ya kujadili

1. Katika Matendo 21, taja mambo yaliyoonekana na yaliyodhaniwa.
2. Ni jina gani kabila lako liliwahi kuitwa? Ni jina gani ninyi mliwaita wengine?
3. Wiki hii, ni nani unayepaswa kumtembelea ili kumsikia mwenyewe?

Tuombe: Bwana, ulinde masikio yetu na vidole vyetu. Utupe moyo wa kuuliza kabla ya kuamini. Amina.