SOMO: Kutengeneza mita ya sindano ya kupimia ukinzani wa umeme



Usharika mmoja wa upande wa Kongwa ulituomba fedha za betri mpya ya sola, kwa kuwa nyumba ya mwinjilisti ilikuwa gizani kwa miezi saba. Tulipofika tulikuta betri haina tatizo. Panya walitafuna waya darini, waya zikagusana, fyuzi ikakatika. Kamati haikuwa na chombo cha kupimia, ikabaki kukisia. Tangu hapo nawafundisha vijana kutengeneza mita wenyewe.

Vinahitajika mita ya sindano inayofika mwisho kwa miliampia 1, betri ya tochi ya volti 1.5, rezista ya omu 1,200, rezista ya kurekebisha ya omu 500, na waya mbili za kupimia. Viunganishwe kimoja baada ya kingine, chanya ya betri ikielekea chanya ya mita.

Gusanisha ncha za waya, kisha rekebisha mpaka sindano ifike mwisho wa kulia. Hapo ndipo sifuri. Zikiachana, sindano hurudi kushoto, maana yake njia imekatika. Namba zinakwenda kinyume na tulivyozoea, na vijana huona ni kichekesho. Kwa kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827, volti 1.5 ukizigawa kwa miliampia 1 unapata omu 1,500, ndio ukinzani wa mita yote. Kwa hiyo ukipima kitu cha omu 1,500, mkondo hupungua nusu na sindano husimama katikati. Omu 500 ni robo tatu ya njia. Omu 4,500 ni robo. Chora alama hizo kwa penseli.

Anza kila mara kwa kuweka sifuri upya, kwani betri huchoka. Fyuzi ichomolewe ndipo ipimwe. Usipime kamwe waya wenye umeme: tenganisha kwanza paneli na betri ya sola, la sivyo mita itaungua.

Mita hii hutambua waya uliokatika, si kiungo chenye kutu. Kutu ya omu 2 tu hufifisha taa, lakini sindano itaonyesha sifuri kana kwamba waya ni mzima. Kwa kazi hiyo tumia mita ya volti, taa zikiwa zinawaka.