Chunusi Wakati wa Mimba: Neno kwa Mke na Mume



Mke ana mimba ya miezi mitatu. Uso uliokuwa laini siku ya arusi sasa umejaa chunusi. Mume anarudi kazini, anamtazama na kusema kwa mzaha, "Siku hizi umekuwaje?" Yeye hulisahau neno hilo kabla ya chakula cha jioni. Mke halisahau. Kesho yake yuko sokoni, anatafuta mafuta ya kung'arisha uso.

Jambo hili laweza kutokea Lodwar, Kakuma au popote. Tulitazame pamoja.

Chunusi zatoka wapi?

Wakati wa mimba homoni huongezeka, na ngozi hutoa mafuta mengi zaidi. Mafuta huziba vitundu vya ngozi, ndipo vipele huvimba. Joto na jasho la Turkana huongeza usumbufu. Si uchafu, si laana, wala si dalili kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Mara nyingi hupungua baada ya kujifungua.

Ya kuepuka

Kwanza, vidonge vya isotretinoini. Vyaweza kuharibu ubongo, moyo na uso wa mtoto tumboni. Anayevitumia asipate mimba hadi mwezi mmoja upite tangu aache. Krimu za jamii hiyo, kama tretinoini na adapalini, ziachwe pia.

Pili, doksisaiklini na tetrasaiklini. Zaweza kutia madoa meno ya mtoto. Basi usimeze vidonge vilivyobaki nyumbani au alivyopewa jirani.

Tatu, mafuta ya kung'arisha ngozi. Baadhi yana zebaki, ambayo hudhuru figo za mama na ubongo wa mtoto. Hubaki mikononi, kwenye taulo na shuka, hata mume na watoto wakaipata. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unapinga vipodozi vya namna hii, lakini bado vinauzwa. Someni maandishi ya kopo: yakionya mafuta yasiguse dhahabu au fedha, huenda zebaki imo. Mafuta yanayokutaka uvue pete ya ndoa hayafai nyumbani mwenu. Mengine yana dawa kali za steroidi, ambazo zenyewe huleta chunusi.

Ya kufanya

Osha uso asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo kali. Palipo na shida ya maji, kikombe kimoja cha maji safi na kitambaa safi vyatosha. Usisugue, usitumbue, wala usipake mafuta mazito usoni.

Zikizidi, nenda kliniki ya wajawazito. Kuna dawa za kupaka zinazofaa wakati wa mimba, kama peroksidi ya benzoili kwa kiasi kidogo, asidi ya azelaiki, au klindamaisini kwa agizo la daktari. Beba kila kopo unalotumia, na mitishamba pia, umwonyeshe muuguzi.

Ukiwashwa sana viganja na nyayo, hata bila vipele, au ukipata vipele vya usaha pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Umekwisha kutumia dawa au mafuta tuliyoyataja? Acha leo, kamwone daktari, wala usifiche. Aibu isicheleweshe msaada.

Kwako mume

Mke wako anabeba mtoto wenu wawili, na uso wake unabeba sehemu ya kazi hiyo. Usimfanyie mzaha. Usimletee kopo la sokoni kama zawadi kabla muuguzi hajaliona. Mchotee maji, msindikize kliniki, na umwambie bado ni mzuri machoni pako. Neno hilo halina madhara kwa mtoto, na laweza kumzuia asikimbilie sumu.

Maswali ya kujadili jioni ya leo

1. Ni mafuta na dawa gani tunazo nyumbani? Tuzitoe zote, tuzitazame.
2. Je, kuna neno nililokuambia likakuumiza, nami sikujua?
3. Siku ya kliniki ijayo, tutakwenda pamoja?