Kompyuta ya Nyumbani Ikiwa Nzito, Angalia na Pesa Zako

Umewahi kuwasha kompyuta asubuhi, ukaenda jikoni kuinjika chai, ukarudi na kikombe mkononi ukakuta kile kiduara bado kinazunguka? Wengi wetu tumeshazoea. Tunasema mashine imezeeka, tunavumilia. Lakini siku hizi kompyuta ya nyumbani ni kama mfuko wa pili wa pesa. Ndiyo inayofungua barua pepe ambamo stetimenti zako zinaingia, ndiyo inayoandika invoisi zenye namba yako ya Till, na ndiyo unayoikimbilia kujaza ritani za KRA tarehe 30 Juni ikikaribia.

Hivi karibuni nilikaa na mama mmoja wa Chaani, hapa Changamwe, anayeshona sare za shule. Laptopu yake ni ya mtumba, zile tunazoziita ex-UK. Ilikuwa imeanza kuwa nzito tangu kijana wake alipoiwekea programu ya bure ya kuifungua Windows isiyolipiwa. Yeye hakujali, maadamu invoisi zinaandikika na barua pepe inaenda. Kisha shule moja ikalipa shilingi 23,400, ikamtumia ujumbe wa malipo kama ushahidi, na kwenye simu yake hakukuingia hata senti. Walipoifungua invoisi wakakuta imetoka kwenye barua pepe yake mwenyewe. Jina lake, bei zake, hata kile kichoro chake cha sindano na uzi pale juu. Kilichobadilika ni tarakimu za Till tu.

"Mwanangu, mimi PIN yangu sijampa mtu," aliniambia.

Na kweli hakumpa. Hakuna aliyegusa PIN. Mtu aliingia kwenye barua pepe yake kwa nenosiri lililokuwa limehifadhiwa kwenye brauza ya laptopu ile, akasoma anavyoandikiana na wateja wake, akangoja mwisho wa mwezi. Fundi alipoisafisha mashine alikuta programu iliyojificha ikifanya kazi saa zote. Ndiyo iliyokuwa ikiilemea, na ndiyo iliyokuwa ikimwibia.

Kwa hivyo tuanze na hapo hapo. Programu za kufungua Windows au Office bila kulipa ndizo mlango mpana kuliko yote. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary kutoka Marekani ilieleza jinsi nakala za KMSPico, moja ya programu hizo zinazojulikana sana, zilivyokuwa zimefungashwa pamoja na kirusi kiitwacho Cryptbot, ambacho kazi yake ni kuchota maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye brauza. Angalia ujanja wenyewe: maelekezo ya programu hizi mara nyingi hukwambia uzime antivairasi kwanza. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, utamfungulia geti?

Ukiwa huna pesa za Windows, kuna njia ya halali. Office ya mtandaoni ya Microsoft na Google Docs ni za bure kwa barua na hesabu za kawaida, na LibreOffice unaipakua bure ukaitumia hata bila intaneti. Mama wa Chaani sasa anaandika invoisi zake kwenye LibreOffice na hakuna mteja aliyegundua tofauti.

Sasa kasi. Mimi nilisomea mambo ya masoko, si fundi, kwa hivyo nitakueleza yale niliyoyafanya kwa mkono wangu tu.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloitwa Task Manager. Tafuta sehemu iliyoandikwa Startup. Hapo utaona programu zote zinazoamka zenyewe kila unapowasha mashine: za muziki, za kupiga simu za video, za printa uliyokwisha kuiuza. Zizime zile usizozihitaji asubuhi. Kuzizima hapo hakuzifuti, utazifungua ukizitaka. Usiguse kitu usichokijua jina. Kiandike kwenye intaneti kwanza ujue ni nini. Kwenye laptopu yangu nilikuta kumi na moja, nikaacha tatu.

Jambo la pili watu wengi hawalijui. Ukibonyeza Shut down, Windows 10 na 11 kwa kawaida hazifungi kila kitu. Huweka sehemu ya kazi zake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Maana yake, mtu anaweza kuzima kompyuta kila usiku kwa mwezi mzima na uchovu wa ndani ukabaki pale pale. Anayeanza upya kabisa ni Restart. Ibonyeze walau mara moja kwa wiki, hasa mashine inapoanza kukwama.

Halafu kuna sisi wa huku bara ya Mombasa. Joto letu unalijua, unyevu wa bahari unaujua, na vumbi la malori ya makontena huhitaji kuelezwa. Kompyuta huvuta hewa hiyo hiyo. Feni ikijaa vumbi, joto linapanda, na joto likizidi prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hiyo si programu wala kirusi, ni uchafu. Ukisikia feni inalia kama mashine ya kusaga huku umefungua barua moja tu, mpelekee fundi aifungue na kuisafisha. Na usiitumie juu ya godoro wala mto, matundu ya hewa yanazibika. Mezani, tena pasipopigwa na jua la dirishani.

Umeme nao. Ukikatika na kurudi kwa kishindo, kompyuta ya mezani ndiyo huumia zaidi kwa sababu haina betri. Wengi wananunulia televisheni kifaa cha kinga wakaisahau kompyuta yenye kazi yao yote ndani. Tafuta kifaa cha kinga kinachoufaa umeme wa kompyuta, na dhoruba ikianza chomoa kabisa ukutani.

Diski ikijaa pia mashine inachechemea. Jitahidi kuacha kama sehemu ya tano ikiwa tupu. Kwenye Settings, ingia System kisha Storage, utaoneshwa kinachokula nafasi. Mara nyingi ni folda ya Downloads, ambamo kuna nakala nne za faili moja. Ukizifuta, futa na kwenye kapu la taka, la sivyo zimehama chumba tu.

Ukiwa na akiba kidogo, pesa yako iende kwenye diski ya SSD kabla ya kufikiria laptopu mpya. Diski za zamani zina sahani inayozunguka, SSD haina kitu kinachozunguka, na tofauti utaiona siku ya kwanza. Kujua yako ni ipi, rudi kwenye Task Manager, ingia Performance, chini ya Disk imeandikwa HDD au SSD. Kama ina RAM ya 4GB na unapenda kufungua kurasa ishirini kwa pamoja, kuongeza hadi 8GB kutasaidia pia. Lakini nikilazimika kuchagua kimoja kwa mashine yenye HDD, nachagua SSD bila kufikiria mara mbili.

Turudi kwenye usalama, maana hapa ndipo pesa zilipo.

Apdeti zinachukiza, najua. Zinakuja saa unayotaka kutuma kazi, na zinakula bando. Lakini sikiliza kisa cha WannaCry. Machi 2017 Microsoft ilitoa apdeti ya kuziba tundu moja kwenye Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilo hilo, kikafunga faili za kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwepo kwa karibu miezi miwili. Walioumia ni wale ambao hawakuinywa.

Kwa wanaotumia hotspoti ya simu kuna mtego mdogo. Ukiweka mtandao wako kuwa Metered ili kuokoa bando, Windows huzuia apdeti nyingi zisishuke. Si vibaya, ila chagua siku moja kila mwezi, tafuta Wi-Fi unayoiamini au bando la usiku, uzime hiyo alama uache apdeti zishuke zote.

Kama bado uko kwenye Windows 10, jua kwamba Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itaendelea kuwaka, lakini matundu mapya hayazibwi. Kwa watumiaji wa nyumbani kulifunguliwa mpango wa kujisajili na kuendelea kupata apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026. Angalia kwenye ukurasa wa Windows Update. Laptopu nyingi za ex-UK hazikubali Windows 11 kwa sababu ya umri wa prosesa. Hizo zaweza kuhamia Linux Mint, ambayo ni ya bure na nyepesi. Mwombe fundi akuoneshe kwa flashi kwanza kabla ya kufuta chochote.

Antivairasi usiinunue kwa hofu. Windows inayo yake ndani, inaitwa Windows Security, na kwa nyumba ya kawaida inatosha ikiwa imewashwa na inapata apdeti. Kuweka mbili au tatu hakuongezi ulinzi, huongeza uzito. Na yale matangazo yanayochomoza pembeni yakisema kompyuta yako ina virusi vitano, mara nyingi hayatoki kwenye kompyuta. Yanatoka kwenye tovuti uliyoibonyezea Allow siku ukitafuta mpira wa bure. Kwenye mipangilio ya brauza yako, tafuta Notifications, ufute tovuti usizozitambua. Kimya kitarudi papo hapo.

Watoto wafungulie akaunti yao kwenye kompyuta hiyo hiyo, iwe ya aina ya Standard. Hapo mwanao hawezi kuweka programu nyingi bila nenosiri lako. Si kwamba humwamini. Yeye anatafuta gemu tu, na aliyeitengeneza ile gemu ya bure anatafuta kingine. Flashi iliyotoka saiba nayo ipime kwanza kabla ya kufungua kitu. Ukikuta folda zako zimegeuka kuwa njia za mkato zenye kishale kidogo, usizibonyeze.

Barua pepe yako ndiyo ufunguo wa nyumba nzima. Anayeimiliki anaweza kubadilisha maneno ya siri ya kila kitu kingine. Ipe nenosiri lake peke yake, refu, lisilofanana na la Facebook, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili ili mtu akilijua nenosiri bado akwame. Na tafadhali, usiandike PIN yako ya pesa kwenye faili ya Word iitwayo "PIN". Tumeziona. Sisi wenyewe hatutakuuliza PIN kwa simu, kwa ujumbe wala kwa barua pepe, siku yoyote.

Stetimenti ya PDF huja imefungwa kwa msimbo kwa sababu ndani mna majina, namba na kiasi cha kila mtu uliyemtumia. Usiihifadhi nakala iliyofunguliwa kwenye kompyuta ya watu wengi, na ukiichapisha saiba, ifute pale na utoke kwenye barua pepe yako kabla hujalipa. Ukiingia tovuti za serikali, soma anwani hadi mwisho: za kweli kwa kawaida zinamalizikia .go.ke, na malipo ya eCitizen yanapitia Paybill 222222.

Kazi zako muhimu zinakili kwenye diski ya nje mara moja kwa mwezi, kisha ichomoe. Ikibaki imechomekwa, kirusi kinachofunga faili kitaifunga na hiyo.

Na ikiwa limeshatokea? Wasiliana nasi mara moja, kwa sababu pesa iliyobaki kwenye akaunti ya mpokeaji yaweza kuzuiwa, iliyokwisha kutolewa kwa wakala ni kazi ngumu zaidi. Badilisha maneno ya siri ukitumia kifaa kingine, si ile mashine iliyoambukizwa. Nenda kituo cha polisi upate namba ya OB. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inautambua wizi wa aina hii kama kosa. Hifadhi ujumbe na invoisi ile ya uongo, usizifute kwa hasira.

Mama wa Chaani hakuzipata zile 23,400. Zilitolewa siku ile ile. Alikaa na mhasibu wa shule wakagawana hasara nusu kwa nusu, na sare za muhula uliofuata akashona bila faida. Laptopu yake ni ile ile, ina SSD sasa, na kijana wake ana akaunti yake. Invoisi zake zina mstari mpya chini ya namba ya Till, ameuandika kwa herufi nene: "Kabla ya kuthibitisha, soma jina. Likiwa si langu, usilipe, nipigie."