Kaka anatoka gerezani, dawa atazipata wapi?

SWALI: Daktari, kaka yangu anamaliza kifungo mwezi ujao na atakuja kukaa kwangu. Anatumia ARV, alianzishiwa hukohuko gerezani. Tatizo, hataki kuonekana kliniki ya mtaani kwetu, maana kila mtu anajua alikuwa wapi. Pia ana mke. Nimsaidieje? – Dada mtu, Morogoro

JIBU: Dada, afadhali umeuliza mapema. Barua nyingi za namna hii hunifikia mtu ameshatoka na dawa zimeshamwishia. Ndani, kidonge humfuata mgonjwa. Akitoka, yeye ndiye wa kukitafuta, tena hana nauli, hana simu, na hajajua atakula nini.

Ukienda kumtembelea, mwambie aombe zahanati ya gereza impatie barua ya uhamisho, kadi yake ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU), na dawa za kumfikisha walau mwezi. Barua itaje dawa anayotumia, tarehe aliyoanza na majibu ya mwisho ya kipimo cha wingi wa virusi. Aombe sasa. Msamaha wa Rais humtoa mtu kabla ya tarehe aliyoitegemea. Mahabusu ndio kabisa: kesi inafutwa asubuhi, anapanda daladala hapohapo nje ya mahakama, dawa zimebaki gerezani.

Na akitoka mikono mitupu? Aende CTC vivyo hivyo, aseme alikuwa akitibiwa wapi, na watoa huduma wawasiliane na kule. ARV ni bure. Namba yake ya CTC iandike kwenye simu yako leo, itarahisisha kazi.

Kliniki ya mtaani kwenu si lazima. Achague hata ya upande wa pili wa mji, ilimradi nauli isimshinde. Hali yake ikiwa imetulia, anaweza kupewa dawa za miezi mitatu au hata sita kwa mkupuo, hivyo safari si nyingi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza mtoa huduma kutoa siri yake, ingawa haimzuii jirani kumwona kwenye benchi. Aulizie pia WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaoshauri wenzao. Anayemeza kidonge kilekile atamwelewa haraka kuliko mimi.

Siku zikimpita bila dawa, asifidie kwa kumeza vidonge viwili viwili, wala asiazime vya mtu. Arudi kliniki. Wengi sasa wanatumia TLD, kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir. Dawa mbili za kwanza hudhibiti pia homa ya ini aina ya B, kwa hiyo mwenye homa hiyo akiacha ghafla, ini linaweza kuumia vibaya.

Akikohoa, hata kwa siku mbili tu, apimwe kifua kikuu. Msongamano wa magereza ni rafiki mkubwa wa ugonjwa huo. Kama tayari yuko kwenye dozi ya kifua kikuu (TB), aseme, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hupunguza nguvu ya dolutegravir na dozi ya dolutegravir hubadilishwa.

Hukuuliza hili, lakini nitalisema: kama aliwahi kutumia unga, yaani heroini, mwili wake sasa umepoteza uzoefu. Kiasi alichokimudu zamani kinaweza kumuua siku ya kwanza. Kliniki za methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, zipo. Ya Muhimbili ilianza mwaka 2011, na nyingine zimefunguliwa baadaye.

Kuhusu mke: mwenye VVU ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza kwa ngono. Lakini gerezani huenda aliruka dozi, kwa hiyo watumie kondomu hadi apime upya na virusi visionekane. Mke naye apime, na kama hana maambukizi, waulizie PrEP, dawa za kinga. Wa kumweleza hayo yote ni kaka yako mwenyewe, si wewe. Akiona mdomo mzito, mshauri wa CTC anaweza kukaa nao wote wawili.