Kupumua Nako Kunasomewa? Somo Dogo kwa Mwanafunzi wa Kisaki na Wenzake

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo yakitoka, swali mtaani ni lile lile: hiyo kozi ina ajira? Leo naomba tuliweke pembeni hilo, maana lina wasemaji wengi. Tuangalie kozi mbili ambazo watu wakizisikia wanacheka kwanza ndipo wanauliza.

Kijana wa Kisaki, kule kusini ya milima ya Uluguru, akisema anakwenda kusoma sayansi za bahari, ataulizwa bahari ipi, wakati yeye amekulia kwenye stesheni ya TAZARA na jirani zake ni tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Dada yake akisema anataka kusomea utaalamu wa upumuaji, ndiyo kabisa: kupumua nako kunasomewa? Kunasomewa. Tena hao ndugu wawili, kwa sehemu kubwa, wanasoma somo moja, ila kwa kuwa majengo yako mbalimbali hakuna anayewakutanisha.

Kule Marekani na Canada mtaalamu wa upumuaji ni kada kamili, ana chuo chake na leseni yake. Kazi yake ni pumzi tu: oksijeni, mashine ya kupumulia, mgonjwa wa pumu, mtoto njiti. Kwetu kazi hiyo wanagawana muuguzi, mtaalamu wa usingizi, mfiziotherapia na daktari. Korona ilipokuja, ndipo wengi wetu tulipojifunza neno mtungi wa oksijeni. Upande wa bahari tuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Zanzibar tangu 1978, na tuna mahali pa kufanyia fildi kama Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995. Mwanafunzi anayehesabu matumbawe hawezi kuyahesabu akiwa amekaa kwenye ngalawa. Itabidi azame. (Hapa mzamiaji ni yule anayeingia majini na mtungi mgongoni, siyo yule wa kujificha kwenye meli kwenda Ulaya.)

Sasa chukua kalamu. Hewa ina uzito, na uzito huo unatukandamiza. Tuite presha ya usawa wa bahari namba 1. Kisaki iko bondeni, kwa hiyo presha yake inakaribia hiyo 1. Ukipanda hadi kilele cha Kimhandu kwenye Uluguru, zaidi ya mita 2,600, imeshuka hadi kama 0.74. Ukiingia baharini mambo yanakwenda haraka zaidi, kwa sababu maji ni mazito: kila mita 10 zinaongeza 1 nzima. Mita 10 chini ni 2, mita 30 ni 4. Yaani kupanda mlima mzima wa Uluguru kunakupunguzia robo tu, lakini kuzama kina cha jengo la ghorofa tatu kunakuzidishia mara mbili.

Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa popote ulipo, mlimani au majini. Kinachobadilika ni nguvu inayosukumwa nayo. Aliye mita 10 chini akivuta hewa ya kawaida, mwili wake unaona oksijeni kama ya mgonjwa aliyelazwa pwani akivutishwa hewa yenye oksijeni asilimia 42. Aliye juu ya Kimhandu anaona kama anavuta asilimia 15 au 16. Hesabu ni kuzidisha tu. Lakini muuguzi mwanafunzi anaweza kukariri "lita 2 kwa dakika" miaka mitatu bila mtu kumwambia kwa nini mgonjwa yule yule, na kipimo kile kile cha kidoleni, vinaweza kutoa namba tofauti vijiji vya mlimani na bondeni. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto akisoma chini ya asilimia 90 apewe oksijeni. Namba hiyo inafaa kueleweka kabla ya kukaririwa.

Na oksijeni nyingi siyo sifa. Mtoto njiti akizidishiwa anaweza kuharibika macho. Mzamiaji akivuta oksijeni tupu chini ya mita 6 anaweza kupata degedege humo humo majini. Wodi na bahari zina onyo moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye wodi ya watoto njiti, kifaa kile ambacho wauguzi hukiita sipapu. Mtoto anawekewa mirija midogo puani, hewa yenye oksijeni inapita, na ncha ya mpira wa kutolea pumzi inazamishwa kwenye chupa ya maji. Ikizama sentimita 5, basi mapafu yanabaki na presha ya sentimita 5 za maji hata mtoto anapotoa pumzi, na vifuko vya hewa havijikunji vikafunga. Ukiona viputo vinatoka kwenye chupa, ujue kifaa kinafanya kazi. Ni bahari ndogo kabisa, sentimita 5 kwenda chini, na inaokoa maisha.

Sasa geuza chupa ile iwe Mafia. Mwanafunzi yuko mita 10 chini, kajaza mapafu kutoka kwenye mtungi, kitu kimemshtua, kabana pumzi na kukimbilia juu. Lita 6 alizobana zinataka kuwa lita 12 akifika juu. Kifua hakina nafasi hiyo. Mapafu yaliyojaa yanaweza kupasuka hata kwa kupanda mita moja na kidogo, kina cha bwawa la kuogelea la watoto. Ndiyo maana amri ya kwanza ya wazamiaji ni kutobana pumzi kamwe. Wengi wanaifuata kama mwiko wa bibi. Dada wa wodini angemweleza kaka yake kwa dakika tano: kama sentimita 5 zinatosha kufungua pafu la mtoto, unadhani sentimita 100 zitafanya nini?

Tuje kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike, maana linatuhusu sisi watu wa Morogoro kuliko wa pwani. Mzamiaji akivuta hewa chini, nitrojeni nayo inaingia damuni na kwenye nyama za mwili. Akipanda taratibu inatoka yenyewe. Akipanda ghafla inafanya kama soda iliyofunguliwa kwa pupa: viputo. Vinakaa kwenye viungo, vinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo. Hata aliyepanda vizuri anabaki na nitrojeni kwa saa nyingi, kwa hiyo shirika la Divers Alert Network linashauri usipande ndege mpaka zipite angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 ukizama mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo.

Wengi wanasikia "ndege" na kusema mimi sina nauli ya ndege. Lakini mwili haujui tiketi, unajua presha tu. Tangu treni ya SGR ianze Juni 2024, unaweza kuzama Unguja saa tatu asubuhi, ukapanda boti hadi Dar, ukawahi treni, na usiku ukawa kwenu Mgeta, juu ya mita 1,000. Umepanda ndege bila kujua. Wa Kisaki anayerudi kwa TAZARA ana nafuu, njia yake inabaki tambarare hadi nyumbani. Wa Makambako aliye behewa lile lile hana nafuu hiyo, ni zaidi ya mita 1,500 mwisho wa safari. Hawa wote walale pwani kwanza.

Maana tatizo likitokea, litatokea nyumbani. Goti linauma, mkono una ganzi, mwili umechoka, kichwa kinazunguka. Ukifika zahanati na dalili hizo utapimwa malaria, na sioni kwa nini tumlaumu mganga: nani aliwahi kumletea mzamiaji mlimani? Dawa ya kwanza ni oksijeni kwa wingi, kisha chemba ya presha. Upande wa Matemwe, Unguja, pamewahi kuwekwa chemba ya aina hiyo. Kabla ya fildi msimamizi wenu apige simu aulize kama inafanya kazi wiki hiyo, na namba iandikwe kwenye daftari la kila mmoja. Ukiugua, usingoje kuulizwa. Mwambie mganga ulizama mita ngapi, kwa dakika ngapi, mara ngapi, na ulitoka majini saa ngapi.