Somo kwa Vyama vya Msingi: Dawa za Magugu na Alizeti ya Jirani

Palizi ndiyo kazi imchoshayo mkulima wa Singida kuliko zote. Mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na magugu huota pamoja na mazao, wakati kila mkono wa nyumbani unahitajika mahali pawili. Si ajabu basi kwamba wanachama wanauliza habari za dawa za kuua magugu, na makatibu wanaombwa waziagize pamoja na mbegu na mbolea. Kabla katibu hajatia sahihi hati ya kuagiza, yafaa yeye na wanachama waelewe dawa hizi zafanyaje kazi, maana dawa ile ile iokoayo shamba la mahindi huweza kuangamiza shamba la alizeti lililo kando yake.

Dawa hizi ni za namna mbili. Namna ya kwanza huua karibu kila mmea wenye majani mabichi uliopata dawa. Glaifoseti ni mojawapo, nayo hutumika kabla zao halijaota. Namna ya pili ni dawa zenye kuchagua, yaani huua mimea ya kundi moja na kuacha ya kundi jingine. Iliyo maarufu ni 2,4-D. Ilivumbuliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ikaanza kuuzwa Marekani mwaka 1945, na huko watu waliitumia hata katika nyasi za uani, kwa kuwa iliua magugu ya majani mapana na kuziacha nyasi zikistawi. Mahindi, mtama na uwele ni wa jamii hiyo ya nyasi; ndiyo sababu huistahimili. Hata hivyo mahindi hunyunyiziwa yangali machanga, yasiyozidi sentimeta 20 hivi. Yakipita hapo, shina laweza kuwa jepesi kuvunjika.

Alizeti haimo katika jamii hiyo. Kwa 2,4-D, alizeti ni gugu kama gugu jingine, tena dhaifu kuliko mengi. Kiasi kidogo mno kilichopeperushwa chatosha kupinda shina, kukunja majani na kuharibu kichwa kisitoe mbegu za kutosha. Karanga, kunde, choroko na mbaazi nazo haziko salama; kwa hiyo mwenye kuchanganya mahindi na kunde asiiguse dawa hii kabisa. Tena Singida, pamoja na kuwa mkoa wa alizeti, ni mkoa wa upepo, hata imefikiriwa kwa miaka mingi kujenga humo mitambo ya umeme wa upepo.

Chukua mfano wa wanachama wawili wa chama kimoja. Wa kwanza ana ekari mbili za mahindi, naye amepewa 2,4-D ghalani. Wa pili ana ekari tatu za alizeti, na mbegu amekopa kwa chama hicho hicho. Wa kwanza ananyunyiza alasiri, upepo ukivuma kuelekea kwa mwenzake. Siku chache baadaye alizeti imejinyonga. Mkopo wa mbegu utalipwa na nini? Chama kilichotoa dawa ndicho kinachodai mkopo, na shauri hilo litafika mkutano mkuu likiwa na uchungu mwingi.

Kwa sababu hiyo katibu aandike katika daftari la kutolea dawa jina la mwanachama, jina la dawa, kiasi, tarehe, zao litakalonyunyiziwa, na mazao ya majirani katika pande zote nne. Makatibu wengi wataiona safu hiyo ya mwisho kuwa usumbufu, lakini ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Mkulima wa alizeti naye anazo dawa zinazomfaa, kama vile fluazifopu na kwizalofopu, ambazo huua magugu ya jamii ya nyasi na kuiacha alizeti. Lakini hizo hizo zitaua mahindi na mtama. Atrazini ni ya mahindi, nayo hukaa udongoni, hasa mvua ikiwa haba. Anayekusudia kupanda alizeti msimu ufuatao asome kibandiko kwanza. Ndago hustahimili nyingi ya dawa hizi, na mwanachama asiahidiwe vinginevyo.

Hesabu ya kipimo ndiyo iwashindayo wengi. Pima kipande cha mita 10 kwa 10. Tia maji matupu katika bomba, nyunyiza kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia maji yaliyotumika. Yakiwa lita 2, basi hekta moja yahitaji lita 200, na ekari moja lita 80 hivi, yaani mabomba 5 ya lita 16. Kibandiko kikisema lita 1 ya dawa kwa ekari, kila bomba litapata mililita 200. Angalia sana kama kibandiko chataja hekta au ekari. Anayechukua kipimo cha hekta akakimwaga katika ekari moja ametumia dawa mara mbili na nusu ya inayotakiwa, amepoteza fedha, na huenda ameunguza zao lenyewe.

Nyunyiza asubuhi umande ukiisha kukauka, upepo ukiwa mwepesi na ukitoka upande wa alizeti. Vumbi likianza kupeperuka, acha kazi. Bomba la 2,4-D lisitumike katika alizeti, kwani mabaki yake hayatoki kwa kusuuza mara moja. Chama kinunue bomba la pili na kulitia alama. Maji ya kusuuzia yasimwagwe karibu na kisima, lambo au ziwa.

Mnyunyizaji avae mikono mirefu, glavu, buti na kinga ya uso. Asile wala kuvuta sigara kazini, na pua ya bomba ikiziba asiipulize kwa mdomo. Mifugo isiachwe katika magugu yaliyonyunyiziwa. Yakinyauka, mengine huwa matamu zaidi kwa mbuzi. Aliyemeza dawa asilazimishwe kutapika, bali apelekwe hospitali upesi pamoja na kibandiko.

Dawa isigawanywe katika chupa za soda. Inunuliwe iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ikiwa imefungwa kiwandani, na ihifadhiwe mbali na mbegu. Dumu tupu lisuuzwe mara tatu, litobolewe na kurudishwa chamani, ili lisije likabebea mafuta ya alizeti yapelekwayo mnadani.

Maswali ya kujadili: Ni mashamba gani ya chama chenu yanayopakana, moja la mahindi na jingine la alizeti? Nani atawaarifu majirani kabla ya siku ya kunyunyiza, na kwa siku ngapi? Kibandiko kikitaja lita 2 kwa hekta, na bomba lenu ni la lita 16, kila bomba litatiwa mililita ngapi ikiwa ekari moja yatumia mabomba 5?