Yuko, Hayuko, Sijui: Somo la Kupambanua Maneno Matatu

Mwezi huu twataka kupambanua maneno matatu yanayochanganywa mara nyingi. Mtu mmoja asema, "Mungu yuko." Wa pili asema, "Mungu hayuko." Wa tatu asema, "Sijui." Wataalamu humwita wa kwanza teisti, wa pili ateisti, wa tatu agnostiki. Majina mawili ya kwanza yametoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya mungu. La tatu lilitungwa mwaka 1869 na Mwingereza Thomas Huxley, kwa neno la Kiyunani la kujua. Wako watu wamjumlishao wa pili na wa tatu, wakiwaita wote wakana Mungu. Je, ni haki?

Tuchukue mfano wa habari iliyotokea kwetu Rufiji. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, jina lake Königsberg, iliipiga manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja hata ikazama. Kisha ikatoweka. Waingereza wakaitafuta pwani. Kumbe imeingia katika milango ya Rufiji, imefichwa kati ya mikoko upande wa Salale, ambao leo ni wilaya ya Kibiti. Ikaonekana tarehe 30 Oktoba, nayo ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Basi, tuseme ya kuwa katika zile siku arobaini za kutafuta, mabaharia watatu waliulizwa, "Je, manowari imo Rufiji?" Mmoja akajibu, "Imo." Wa pili, "Haimo." Wa tatu, "Sijui." Katika majibu haya twajifunza mambo manne.

La kwanza: kweli haina njia ya tatu. Aristotle, Myunani wa karne ya nne kabla ya Kristo, alifundisha ya kuwa neno likisemwa, ama neno lile ni kweli ama kanusho lake ni kweli. Manowari ama imo ama haimo. "Sijui" ya baharia haikuiweka nusu ndani na nusu nje.

La pili: moyo wa mtu una njia tatu, yaani kukubali, kukana, na kusita. "Siamini kwamba imo" si sawa na "Naamini kwamba haimo." Angalieni kanusho limewekwa wapi. Katika neno la kwanza mtu akanusha imani yake mwenyewe. Katika la pili akanusha kuwamo kwa manowari. Lakini yafaa tujue ya kuwa si wote wakubalianao juu ya majina. Mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew, katika kitabu chake cha mwaka 1976, alitaka jina la ateisti limpate kila asiye na imani ya Mungu, hata asiyekana. Basi, ukisikia jina hili, uliza kwanza msemaji alitumia kwa maana gani.

La tatu: kujua na kuamini ni maswali mawili. Baharia aweza kusema, "Sijaiona, wala sijui kwa hakika, walakini naamini imo, kwa kuwa namtegemea aliyenipa habari." Kwa hiyo "sijui" si adui wa "naamini" siku zote.

La nne: kutoona si ushahidi wa kutokuwako, ila kama umetafuta kwa namna ambayo ungaliona. Aliyepita mbali baharini mbele ya mlango wa Simba Uranga asione kitu, hakuthibitisha neno. Aliyepita kila kijito hata mwisho wake asione kitu, huyo ana haki ya kukana. Naye asemaye "Imo" adaiwa sababu vilevile. Hapa mfano wetu una mpaka wake, maana Mungu si chombo kilichofichwa mikokoni. Ndiyo maana watu hushindana pia juu ya namna ya kumtafuta.

Je, haya yatufaa nini? Tuseme kijana wa Kibiti amerudi kutoka masomoni, akamwambia mwalimu wake kwa siri, "Sijui tena kama Mungu yuko." Mwalimu akimtangaza mbele ya usharika kuwa mkana Mungu, amemshuhudia neno asilolisema, na amri ya nane katika Katekisimo yetu yatukataza jambo hilo. Tena atamjibu swali asiloliuliza. Mwenye kukana huulizwa sababu za kukana kwake. Mwenye kusita huulizwa ni nini kinachomzuia. Wa kwanza amefunga mlango. Wa pili angali amesimama mlangoni, nasi tusimsukume nje.

Vivyo hivyo tusikosee juu ya jirani zetu Waislamu, walio wengi katika nchi hii ya Rufiji. Wao wakiri kwa nguvu ya kuwa Mungu yuko, naye ni mmoja. Kwa jina hili la teisti, wao na sisi tumo pamoja, ijapokuwa hatupatani juu ya Kristo.

Mwisho, lugha yetu yatuhukumu na sisi. Kuamini kwamba Mungu yuko ni neno moja; kumwamini Mungu ni neno jingine. Luther katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 alieleza ya kuwa kile ambacho moyo wa mtu wakitegemea, hicho ndicho mungu wake. Basi mtu aweza kuwa teisti kwa kinywa, na moyo wake ukategemea fedha. Kabla hatujampima kijana yule, tujipime sisi.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. "Siamini kwamba yuko" na "Naamini kwamba hayuko" yatofautianaje?
2. Je, mtu aweza kusema "sijui" na "naamini" pamoja?
3. Kijana wa Kibiti akija kwako leo, utamwuliza nini kwanza?